Seli nyekundu na vile vi-RNA vidogo

Mwili wa mtu mzima unatengeneza seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, zote zinaanzia kwenye seli shina za uboho, na mimi hii kitu inanivutia sana jamani. Oksijeni ikipungua figo zinamwaga homoni inaitwa erithropoietini, inafika kwenye uboho inanasa kipokezi cha seli changa, kipokezi kinaamsha protini inaitwa JAK2, JAK2 inaamsha protini nyingine, STAT5, na STAT5 inaingia kwenye kiini kuwasha jeni za kuifanya seli isife, iendelee kukomaa.

Ila ishara peke yake haitoshi. Kuna maikroRNA, vipande vifupi vya RNA (molekuli inayonakiliwa kutoka kwenye jeni) vya kama herufi 22 tu, havitengenezi protini yoyote, vinazuia protini zingine zisitengenezwe. miR-451 ndo ya seli nyekundu, na panya walioondolewa hiyo, ukiwabana watengeneze damu haraka wanashindwa.

Kinachonigusa zaidi ni maikroRNA nyingine, let-7. Mtoto akiwa tumboni protini inaitwa LIN28B inaibana, akizaliwa LIN28B inapungua, let-7 inapanda, na protini ya BCL11A nayo inaongezeka inazima hemoglobini ya mtoto wa tumboni, ile ambayo ingemkinga mtu na makali ya selimundu! Ndo maana Casgevy, tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mwishoni mwa 2023, inahariri jeni ya BCL11A kwenye seli shina za mgonjwa mwenyewe, ili hemoglobini hiyo iwake tena. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, wakati Tanzania ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, na hilo linaniuma kweli.