Ewart Grogan na ardhi ya Nairobi

Ukipita leo Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, penye maduka ya vipuri na mafundi waliopaka oili hadi viwikoni, unapita barabara iliyowahi kuitwa Grogan, kwa jina la mlowezi Mwingereza aliyejipatia eneo hilo la kinamasi mji ulipokuwa bado mchanga.

Ewart Grogan, aliyezaliwa mwaka 1874, alifika hapa kibiashara mwaka 1904, akafanya siasa na ardhi kuwa kazi moja: alikuwa msemaji wa walowezi, baadaye mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, huku akijenga Hoteli ya Torr's na kulima mkonge Taveta. Mwaka 1907, akiwa rais wa chama cha walowezi, aliwachapa hadharani Wakikuyu waliokuwa wakivuta riksho, mbele ya mahakama yenyewe, akafungwa mwezi mmoja tu.

Hospitali ya watoto ya Gertrude's, iliyopewa jina la mkewe, ni wema wa kweli, ingawa kwangu haufuti viboko vile. Alifariki mwaka 1967, Afrika Kusini.