Visanduku Saba

Masika ya 2018, hapa Moshi, bibi mmoja wa Kibosho alimleta mjukuu wake wa miaka 12. Goti lilivimba, likapoa, maumivu yakahamia kiwiko. Wiki tatu nyuma aliumwa koo.

"Mwanangu, si baridi tu hii?"

"Tupime na moyo, bibi."

Karatasi ya kwanza ya ECG, mashine inayochora umeme wa moyo, haikusomeka. Mtoto alitetemeka kwa baridi na mstari ukajaa miiba, maana mashine hunasa umeme wa msuli wowote. Nikamfunika kanga ya bibi, nikafuta ngozi kwa spiriti, nikarudia. Mstari ukatulia.

Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04. Toka mwanzo wa P, kilima kidogo cha umeme wa vyumba vya juu vya moyo, hadi mwanzo wa QRS, kilele kirefu cha vyumba vya chini, nilihesabu visanduku saba: sekunde 0.28. Hata kwa mtu mzima visizidi vitano.

Daktari alichora nyuma ya karatasi ile nodi ya AV, kivuko ambacho umeme hupita ukishuka toka vyumba vya juu vya moyo. Nilidhani seli za kinga zikiingia hapo ni za kubomoa tu. Akacheka. Mwaka 2017, alisema, watafiti wa Boston walionyesha kuwa makrofaji, wale wala taka wa mwili, huishi ndani ya nodi hata moyo ukiwa mzima. Wameungana na seli za misuli kwa vijitundu vya protini iitwayo koneksini 43, na wanausaidia umeme kupita. Panya walipoondolewa makrofaji, umeme ulikwama kivukoni.

"Lakini huyu si panya," akaongeza. Katika homa ya rumatiki, kinga iliyoamshwa na streptokoka, bakteria wa koo, huugeukia moyo wenyewe. Hata hivyo QRS kuchelewa baada ya P ni kigezo kidogo cha kutambua homa hii, hakithibitishi kwamba moyo umeumia. Alisikiliza valvu kwa muda mrefu kuliko alivyotazama karatasi yangu. Hakusikia mvumo, sauti ya valvu iliyoumia.

Mtoto alikuwa na kilo 34, kwa hiyo benzathini penisilini yuniti milioni 1.2, kwenye msuli. Chini ya kilo 27 ni nusu yake. Dawa hii ni nzito kama uji: usipoitikisa vizuri, au ukichagua sindano nyembamba, inaziba katikati ya kuchoma na mtoto anachomwa mara mbili. Juu yake, aspirini.

Baada ya wiki tatu nilihesabu vinne.

"Basi sindano zimeisha?" bibi akauliza.

"Kila wiki nne, bibi, mpaka afike miaka 21, ili homa isirudi."

Akamtazama mjukuu, akaanza kuhesabu kwa vidole.