Nimeivua Hilux yangu mapambo

Mwenye gari kabla yangu alikuwa kaifunga taa za buluu chini, bampa la chuma zito kama geti la ghala, na stika ya tai kioo kizima. Nikipita Tengeru, vijana wa bodaboda wananipungia utadhani nagombea ubunge!

Jumamosi nikaipeleka kwa fundi wangu mtaa wa Unga Limited, Arusha. Kavua vyote, karudisha bampa la asili, kaweka madigadi meusi na turubai la kufunika bodi ya mizigo nyuma. Tulibishana kwenye ile plastiki ya kutandika ndani ya bodi tu. Yeye anataka kuipiga skrubu, mimi sitaki. Tundu la skrubu ndiko kutu inakoanzia. Akaibana kwenye kingo huku ananuna. (Na ukiosha, iinue. Maji yanatuama chini yake.)

Ila kilichonikosha ni kampira ka kuziba mlango wa nyuma. Jana nimetoka shamba, vumbi la kufa mtu, nimefungua nikapitisha kidole juu ya magunia: kisafi.

Mama watoto kaizunguka mara moja, akasema, "Baba Neema, sasa limekuwa kama la halmashauri."

Nimepokea kama sifa.