Nyasi za ng'ombe wangu hazipati dawa nisiyoisoma

Nina ng'ombe watano wa maziwa hapa Kisauni, Mombasa, na tangu masika ya mwaka juzi hakuna hata mmoja aliyekula nyasi zenye ukungu. Naandika kwa sababu juzi jirani yangu aliambiwa atie dawa kwenye nyasi zilizoshika unyevu, upuuzi ule ule niliowahi kuambiwa mimi, nikapandwa na hasira upya.

Hapa pwani hewa yenyewe ina maji. Robota la nyasi likitoka bara limekauka sawasawa, ukiliacha sakafuni wakati wa masika linavuta unyevu tu. Mwaka huo niliteremshiwa marobota thelathini ya nyasi za boma rhodes huku mvua inanyesha, bei mia tatu na kitu kila moja pamoja na usafiri. Siku ya tano nikaingiza mkono katikati ya robota moja, nikakuta joto kama la sufuria ya uji.

Ushauri ukaja mbio. Dukani kwa muuza dawa za mifugo niliambiwa, "Dada, nyunyizia fomalini, ukungu haurudi tena." Rafiki wa mume wangu naye: "Shemeji, tia vile vidonge vya kufukizia mahindi baina ya marobota, kisha funika turubai." Vidonge hivyo ni aluminiamu fosfaidi. Vikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, inayoua dumuzi, panya na binadamu, na ukuta wa banda langu ndio ukuta wa chumba wanacholala wanangu! Fomalini nayo ni fomaldehaidi iliyoyeyushwa majini. Tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu kuwa kitu kinacholeta saratani kwa binadamu, na mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiruhusu kama kiongezi cha chakula cha mifugo. Mtu anakuuzia hiyo kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yanaingia kwenye chai ya watoto.

Nikaulizia kwa wafugaji wakubwa wa bara, wakanitajia asidi ya propioniki. Hii ni ya kweli. Tumbo la ng'ombe lenyewe huitengeneza majani yanapochachuka ndani yake, na kule Marekani asidi hii imo katika orodha ya vihifadhi vinavyohesabiwa salama kwa lishe vikitumika ipasavyo. Nikaagiza dumu, likanitoka elfu kadhaa. Nikavaa glavu na barakoa, nikapiga hesabu: kilo tano kwa tani moja ya nyasi zenye unyevu wa asilimia 20 hadi 25, na marobota yangu ya kilo kumi na tano kila moja yalikuwa kama kilo 450, basi kama kilo mbili na kidogo zinatosha. Nikanyunyiza asubuhi nzima. Harufu ya uchachu ilijaa mpaka kwa majirani, na vyuma vya bomba la kunyunyizia vikaanza kuliwa na kutu. Nje ya marobota kukawa safi kabisa, nikalala nimetulia.

Wiki ya pili nikakata kamba ya robota la kwanza. Likapasuka katikati na vumbi jeupe likapanda kama unga wa ngano. La pili hivyo hivyo. Nikafungua kumi na moja, yote ndani yameoza na nje yananukia dawa. Ndipo nikasoma karatasi ya dumu mpaka mwisho: dawa hunyunyizwa nyasi zinapoingia kwenye mashine ya kufungia, ipate kila jani. Robota likishafungwa, haipenyi. Na ukungu ukishaota, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokwisha kutengenezwa haiondoki kwa asidi. Yote kumi na moja yakaenda kwenye mashina ya minazi.

Ofisa wa mifugo wa kwetu, Mungu ambariki, ndiye aliyenifungua macho upande wa sheria. Kitu chochote kinachouzwa kwa kuua ukungu au wadudu kinashikwa na Sura ya 346 ya sheria za Kenya, na lazima kiwe kimesajiliwa na PCPB, bodi inayodhibiti viuatilifu. Nambari ya usajili huwa kwenye kibandiko, pamoja na maelezo ya kitumike wapi. Vyakula vya mifugo vina sheria yao, Sura ya 345. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, maji ya manjano tu, haina kibandiko, kwa hiyo haiingii kwangu hata ikiuzwa shilingi hamsini.

Siku hizi nanunua nyasi Februari na Machi, kaskazi ikivuma na jua kali. Marobota nayapandisha juu ya boriti za mikoko, chini ya makuti, na nafasi ya ngumi baina yake ili upepo upite. Kisha nina kipande cha nondo ya chuma. Nakichoma katikati ya robota, nakiacha robo saa, nakichomoa na kukishika. Kikiwa baridi, sawa. Kikiwa na uvuguvugu, robota linatengwa na kufunguliwa siku hiyo hiyo. Kikikuchoma mkono usingoje, toa marobota uwanjani mbali na makuti na uwe na maji karibu, maana nyasi zikifika nyuzi 80 ndani zinaweza kuwaka zenyewe.

Machi hii muuzaji alileta arobaini, akasema nyingine zimetiwa dawa. Dawa gani? Hakujua jina. Nilipima kwa nondo, nikanunua thelathini na mbili zisizotiwa kitu, manane akarudi nayo akinung'unika. Safari iliyofuata aliteremka kwenye lori na dumu lenyewe mkononi, akanisogezea kibandiko nisome.