Kwani upande wa bibi kuna breki?

Jumapili iliyopita tunatoka kanisani, mama kakaa mbele kama kawaida yake, mkoba mapajani, Tina na mdogo wake nyuma. Tumefika pale kwenye mteremko wetu wa kushukia nyumbani, wanaoujua wanaujua, naanza kupunguza mwendo, mara Tina anauliza, "Bibi, kwani upande wako nako kuna breki?"

Nikachungulia. Mguu wa kulia wa mama umekandamiza zulia mpaka goti limenyooka.

Mama akacheka, akasema, "Muulize baba yako."

Baba yake ndo mimi. Nikajifanya naangalia bodaboda iliyokuwa inapanda, nikasema ni mazoea tu ya wazee, Tina akaniuliza mazoea ya nini wakati bibi hajawahi kuendesha gari hata siku moja. Nikaongeza sauti ya redio. Ila tangu siku hiyo swali limenikaa, na kwa kuwa huyu mtoto atauliza tena, namjua, ngoja niliweke hapa kwanza.

Ilikuwa 2020, kipindi kile shule zimefungwa. Mama Tina alikuwa kawapeleka watoto kwao Morogoro, mama yangu naye alikuja kutoka Iringa kutibiwa macho, kliniki ikawa inasogezwa mbele kila wiki, kwa hiyo ndani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Na Toyota Premio yangu, ambayo wakati huo ilikuwa na taa ya njano ya ABS, ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, inawaka kwenye dashibodi tangu siku nilipojifanya nahodha nikapita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani, hapa Dar, wenye akili zao wameshageuza. Gari halikuzima, nikajisifu mtaa mzima. Wiki mbili baadaye taa ikawaka na haikuzimika tena. Fundi mmoja akaniambia bosi hiyo mbona kitu kidogo, tunachomoa balbu tu. Yaani mtoto analia, dawa yake umzibe mdomo. Sasa nisiseme uongo, nilikaribia kukubali, maana bila ABS gari linasimama tu kama magari ya zamani yalivyokuwa yanasimama, na nikaendesha hivyo miezi kadhaa. Mpaka siku mvua imenyesha, pale Kimara wanapanua ile barabara, tope limemwagika kwenye lami, nikakanyaga breki tairi zikajifunga na gari likaanza kuserereka lenyewe. Bodaboda na abiria wake wakaruka mtaroni. Hawakuumia, ila matusi niliyotukanwa siku ile sijawahi kuyasikia tena, na yote yalikuwa haki yangu.

Sasa kilichoniponza ni klipu ya karatasi. Nilikuwa nimeona kwenye YouTube kwamba Toyota nyingi za miaka ile ukichukua waya mfupi ukaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwenye ile soketi ya chini ya stelingi, halafu ukawasha swichi bila kuwasha injini, taa ya ABS inaanza kukukonyeza na unahesabu. Nikanyoosha klipu, nikachomeka. Taa ikakonyeza mara tano, ikapumzika, ikakonyeza mara moja. Hamsini na moja, yaani mota ya pampu ya ABS imeganda. Jamani, nilijiona daktari bingwa. Gari limeongea na mimi na nimelielewa! Mtu akishaongea na gari likamjibu humwambii tena habari za kwenda gereji, hasa gereji yenyewe ikiwa imemtajia laki mbili za ufundi tu, spea juu yake.

Nikaenda Ilala, Shaurimoyo, nikiwa na namba ya ile ABS nimeipiga picha, maana namba isipofanana hata kama umbo ni lilelile utaambulia taa palepale. Duka la tatu wakawa nayo, imetoka Japani imekatwa na vipande vya bomba zake bado vinaning'inia. Laki mbili na themanini baada ya kubembelezana, kuondoka, kuitwa na kurudi.

Kazi nikaifanya Jumamosi. Shemeji aliahidi kuja kunisaidia, akatuma meseji saa nne asubuhi kwamba kapata dharura, na dharura za shemeji mnazijua. Nikasema naanza mwenyewe. Nikatoa betri. Nikanyonya mafuta ya breki kwenye kopo lake kwa sirinji. Kile kidude cha ABS kina bomba sita, mbili zinatoka kwenye masta, ile pampu kuu ya breki, na nne zinakwenda kwenye matairi, kila moja na nati yake ya namba kumi, na zile nati ukizifungua kwa spana ya kawaida zinamung'unyika kona zote, nilishaazima ile spana ya pete iliyochanwa mdomo. Ili nisizichanganye nikachukua rangi ya kucha ya Mama Tina, nikaweka nukta kwenye kila bomba, moja, mbili, tatu, nikajipongeza kwa ubunifu. Kumbe mafuta ya breki yanakula rangi. Nilivyokuja kufunga zote zilikuwa zimeyeyuka, mikono yangu ndo imebaki myekundu kama nimechinja kuku. Picha za simu ndo ziliniokoa. Na ile sehemu ya bodi iliyobambuka karibu na boneti, ambayo kila mtu ananiuliza niligonga wapi, sikugonga popote, ni mafuta hayohayo yalidondoka na mimi nikafuta kwa tambara kavu badala ya kumwagia maji.

Saa tisa hivi kitu kimekaa mahali pake. Kilichobaki ni kutoa upepo kwenye breki, na hiyo kazi haifanyiki na mtu mmoja, labda uwe na vifaa ambavyo sina. Mmoja anakuwa chini kwenye tairi anafungua kile kichuchu, mwingine anakanyaga pedali.

Nikamwita mama.

Alikuwa anachambua mchele kibarazani. Akavua miwani, akaja, akapanda upande wa dereva na kandambili zake, akakaza khanga kiunoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukaa kiti kile. Akashika stelingi kwa mikono miwili ingawa sikumwambia ashike. Nikamweleza, mama, nikisema kanyaga unakanyaga mpaka mwisho unashikilia, huachii mpaka niseme. Ukiachia kabla sijafunga, upepo unarudi ndani tunaanza upya.

"Siachii," akasema.

Nikaanza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote na masta, nimechomeka mpira wa dripu nilioununua duka la dawa, ncha nyingine iko kwenye chupa ya maji. Nikapiga kelele, "Kanyaga!" Halafu nikajisikia vibaya, mtu unampigia kelele aliyekuzaa, nikaongeza, "Samahani mama, naomba ukanyage." Kufika mara ya kumi zile samahani zilikuwa zimeshaisha, tumebaki na kanyaga, shikilia, achia, naye anaitikia kila neno, "nimekanyaga," "nimeshikilia," "nimeachia," majirani wanaopita wanatuangalia. Kwenye mpira yanapita mapovu, mapovu, mapovu, halafu mafuta meusi, halafu mafuta safi. Mara moja nilisema shikilia nikaondoka kwenda kutafuta spana iliyonipotea, nikapigiwa simu na shemeji ananipa pole ya kutokuja, tukaongea. Narudi namkuta mama yuko vilevile, paja linatetemeka. Hajaachia. Nikamuuliza mbona hujasema? Akasema, "Si ulisema mpaka useme."

Tairi nne zikaisha. Pedali ikawa ngumu, imejaa, nikaijaribu mwenyewe kwa mkono. Nikarudisha betri, nikawasha injini. Taa ya ABS ikawaka, moja, mbili, tatu, ikazimika. Aisee. Sijui kama nimewahi kuona kitu kizuri kama ile taa inazimika. Mpango wangu ulikuwa niishie palepale, mama ashuke, mimi nitoke nikalijaribu kwenye mteremko, maana utajaribu breki wapi kama si kwenye mteremko? Kule chini mnapajua, mama wa vitumbua yuko pale kona na benchi lake la wateja.

Nikamwambia mama kanyaga mara ya mwisho kwa nguvu zako zote, mimi huku naokota vifaa.

Akakanyaga. Kimya kidogo. Halafu akasema, "Inashuka."

Nikamwambia bila hata kuinua kichwa, ndiyo mama, injini ikiwaka lazima ishuke kidogo, pale kuna buta la hewa linakusaidia kukanyaga. Nikamweleza na lile buta linavyofanya kazi. Mimi, mwenye uzoefu wa saa saba.

Akasubiri nimalize. "Hiyo nimeiona. Imeshuka ikasimama. Sasa inashuka tena."

"Kidogo tu au?"

"Kidogo. Kama mtu anayekunywa chai hataki kusikika."

Nikainuka, nikachungulia chini ya gari, pakavu. Nikachungulia kwenye boneti, sioni kitu. Nikamwambia hakuna kitu mama, ni mguu umechoka. Na hapa ndo ninapopakumbuka kuliko kote, kuliko hata taa. Mama aligeuza uso akaniangalia kupitia dirisha, mikono yote miwili bado kwenye stelingi, khanga imemlegea begani, hakupandisha sauti.

"Mwanangu, gari mimi silijui. Mguu wangu naujua."

Nilikasirika, nakiri. Nimechoka, nina njaa, nimechafuka, ushindi wangu uko pale mbele, halafu mtu ambaye hajui hata gia ndo ananiambia. Marehemu baba aliendesha lori Iringa na Dar miaka yote ile, na mama akipanda naye alikuwa anafumba macho kuanzia juu ya mlima Kitonga mpaka chini kabisa, baba mwenyewe ndo alikuwa anatusimulia huku anacheka. Sasa huyo huyo leo ananifundisha breki. Nikachukua karatasi ya chooni, zaidi ili nimwoneshe kwamba hakuna kitu, nikaanza kupangusa nati moja moja pale kwenye ABS. Ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Ya tatu kavu, nikamwonesha kabisa, "unaona mama." Ya nne karatasi ikalowa.

Nikapangusa tena. Ikalowa tena.

Nati ile niliikaza nusu halafu... sijui halafu nini. Nadhani ndo simu ya kwanza ya shemeji iliita pale, au nilikuwa natafuta nukta ya rangi ya kucha ambayo haipo. Yalikuwa yanavuja polepole, yanafuata ukingo wa chuma, yanajificha nyuma, chini hayadondoki. Mama bado kakanyaga. Anakiona kwa unyayo kitu ambacho mimi na tochi yangu sikioni.

Sikusema kitu. Nikachukua spana, nikaikaza, nikaenda kutoa upepo tena matairi yote manne, kanyaga, shikilia, achia, safari hii naongea kama mtu yuko msibani. Halafu nikamwomba akanyage ashikilie, nikahesabu kimoyomoyo mpaka sitini. Alifumba macho. Mafundi wa kweli sijui kama wanafumba macho, yeye alifumba. Nimefika sitini nikaendelea mpaka mia.

"Imesimama," akasema. Akaachia, akashuka, akarudi kwenye mchele wake.

Jioni nililijaribu kwanza pale uwanjani kwetu, mbele nyuma mbele nyuma kama mara thelathini, ndo nikatoka. Usiku nikaweka picha WhatsApp, "fundi mpya mjini", boneti wazi na mimi nimeshika spana. Watu wakanipongeza, Mama Tina akatuma makopa. Ile picha asili yake pembeni ilikuwa na mlango wa dereva uko wazi na mguu wa mama unaning'inia na kandambili ya bluu. Niliukata. Nilijiambia ni kwa sababu khanga ilikuwa imepanda, si heshima, na kweli ilikuwa imepanda kidogo, lakini ingeweza kuwa haijapanda na bado ningeukata.

Mama hakumwambia mtu. Mama Tina mpaka leo anajua niliifunga mwenyewe ikakubali mara moja, akisoma hapa ndo atajua, pole mke wangu. Mama mwenyewe sijawahi kumuuliza kuhusu ile siku, na ile tabia ya kukanyaga zulia ilianza baada ya hapo, nina uhakika, kabla yake alikuwa anapanda gari langu anasinzia. Sijui kama anakanyaga kwa sababu haniamini au kwa sababu nilimwambia siku ile asiachie mpaka niseme, na ni kweli, nikikumbuka vizuri, mara ile ya mwisho aliachia mwenyewe. Mimi sikusema.

Jana nimempeleka kliniki. Nimewasha gari, nikasubiri ile taa, moja, mbili, tatu, ikazimika. Tukashuka mteremko. Kwa jicho la pembeni nikaona goti linanyooka, nikakanyaga na mimi.