Nimerudi Kuze, natafuta reli ya toroli

Miaka kumi na miwili nimekaa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Sasa ni wiki ya tatu nimo nyumbani, Kuze, mtaa wa mji wa kale wa Mombasa. Jioni alasiri ikipoa napita Ndia Kuu, nakwenda mpaka bandari ya kale, kisha nakata hadi Moi Avenue kwenye zile sanamu za pembe za ndovu. Natembea nikiangalia chini. Juzi kijana wa kahawa aliniuliza, "Ami, umeangusha nini?"

Natafuta reli ya toroli.

Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa (IBEA) ilianza kutandika reli nyembamba, upana wake futi 2 tu, ikitaraji kufika ziwa Victoria. Zikatandikwa maili chache na kazi ikafa. Reli zile zikang'olewa zikatiwa humu mjini, na juu yake zikapita toroli: kiti cha mbao, magurudumu manne ya chuma, kitambaa juu cha kumkinga bwana na jua, na nyuma watu wanasukuma kwa mikono yao. Zilikwenda toka mji wa kale hadi Kilindini, na wakubwa wengine walivutiwa reli mpaka mlangoni kwao. Motokaa zilipokuwa nyingi, toroli zikaondoka.

Mimi haya sikuyajali mpaka nilipokuwa ugenini. Kule Maine, Kennebunkport, kuna makumbusho ya tramu, yale mabehewa ya abiria yapitayo juu ya reli mitaani. Mwaka 1939 tramu za Biddeford na Saco zilipokuwa zinafungwa, kikundi cha wapenzi wa tramu walichanga dola 150 wakanunua behewa namba 31 lisivunjwe. Makumbusho yote yalianzia hapo. Ndani ya karakana yao niliona behewa jingine, Narcissus, la mwaka 1912, lililokuwa likienda baina ya Lewiston na Portland. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alilipanda Agosti 1914. Njia ilipofungwa 1933, behewa likageuzwa nyumba, watu wakalala humo miaka na miaka. Nilipolikuta, mafundi walikuwa wakilirudishia mbao zake moja moja. Mzee mmoja alinipa msasa nami nikasugua ubao kiasi cha dhiraa moja. Niliona fahari, ilhali mji haukuwa wangu.

Jimbo lile limeshapitisha kisheria kwamba jahazi moja kongwe, skuna Bowdoin, ndiyo chombo chake rasmi cha majini. Behewa lililookolewa namna ile nalo linastahiki heshima hiyo hiyo, na ningelikuwa raia wa kule ningeliinulia mkono kuliunga.

Lakini mimi ni wa hapa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazipa kaunti haki ya kuwa na bendera, nembo na muhuri. Basi naliomba bunge letu la kaunti: toroli itambuliwe rasmi kuwa alama ya Mombasa. Na iundwe moja, iwekwe watoto waione. Mafundi wa majahazi tunao, mbao wanazijua kuliko mtu yeyote. Pembe ni nzuri, watalii wanazipenda, lakini pembe hazikutoka jasho. Mji huu ulisukumwa na watu, na sura zao zimebaki kwenye picha za kale bila majina chini yake, huku jina la aliyeketi limeandikwa.

Nilimwambia shangazi haya tukila mahamri. Akaacha kikombe. "Babu yangu alisukuma toroli, wewe hukuambiwa?" Sikuambiwa. Akasema babu yake alikuwa akikimbia peku katikati ya reli, na penye mteremko yeye na mwenzake walikuwa wakirukia nyuma, nao wapate kupanda. Kisha akanyosha viganja vyake juu ya meza, akavisukuma mbele polepole mpaka vikagusa sahani yangu.

"Hivi," akasema. "Alikuwa akitulaza hivi, atuonyeshe."