Corolla AE100 inayopandisha na kushusha sailensi: nilivyoipima kabla ya kununua sensa yoyote

Gari yenyewe ni Corolla AE100 ya 1994, injini 5A-FE, ile ya cc 1,498. Nimeichukua kwa shemeji yangu hapa Arusha kwa bei ya kishemeji kweli kwa sababu alishaichoka. Shida yake ilikuwa sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga eksilereta: asubuhi ukiwasha inanguruma vizuri tu, ikishachemka sasa ukisimama mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaanza kucheza, unapanda mpaka 2,000 na ushee, unaporomoka hadi 1,200, unapanda tena, vuuu, vuuu, vuuu, kwenye foleni ya Mnara wa Saa watu wanadhani unawaringishia eksilereta. Halafu inakunywa mafuta, ukichomoa plagi unakuta nyeusi tii.

Shemeji alikuwa ameshapewa orodha ndefu na mafundi: map sensa (inayopima presha ya hewa inayoingia kwenye injini) imekufa, oxygen sensa (ya kwenye ekzosi) imekufa, badilisha throto bodi (mlango wa hewa unaofunguliwa na eksilereta) nzima. Fundi wa mtaani kwetu ni mzee mmoja ambaye kwenye kufungua injini namkubali sana, naye akasema hivyohivyo, "Mwanangu usihangaike, hiyo ni map sensa, tafuta yuzdi uweke." Nikamwambia sawa mzee, ila naomba nipime kwanza, sensa haikimbii. Akacheka akaendelea na gari ya mtu mwingine.

Nianze na jambo moja ambalo wengi linawachanganya. Ukisoma habari za injini kuvuta hewa ya pembeni utaambiwa hewa ikizidi mafuta yanakuwa machache, gari inakosa nguvu, inamisi, inazima. Hiyo ni kweli kwa gari zenye sensa ya kupima hewa kwenye bomba la ngao (boksi la kichujio cha hewa), kwa sababu hewa iliyoingilia pembeni haikupita kwenye sensa, kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, haijui kama ipo. Lakini AE100 haina sensa hiyo. Ina map sensa, ile kidude kimefungwa ukutani nyuma ya injini na kampira kadogo kanatoka manifodi (mabomba ya kugawia hewa kwenye silinda), inapima presha iliyomo ndani ya manifodi yenyewe. Sasa hewa ikiingia, hata kama imeingilia dirishani, presha inapanda, sensa inaiona, kontroo boksi inasema oh hewa imeongezeka, inaongeza mafuta, injini inapanda. Ikipanda sana na mguu haupo kwenye eksilereta, kontroo boksi inaona huyu anateremka mlima ametoa mguu, inakata mafuta. Injini inaporomoka, mafuta yanarudi, inapanda tena. Ndiyo hiyo vuuu vuuu. Kwa hiyo kwenye gari hizi sailensi inayocheza mara nyingi ni hewa tu, na map sensa inasema kweli kabisa kuhusu hewa hiyo, halafu ndiyo inayosingiziwa.

Kitu cha kwanza nikasoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kontroo boksi inazitunza. Gari hizi za zamani hazitaki mashine, chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ukifungua kifuniko ndani yake kuna ramani ya pini. Unachukua klipu ya karatasi, unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi bila kuwasha injini, eksilereta usiiguse, AC iwe imezimwa, halafu unahesabu taa ya cheki injini inavyopepesa kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo kwa haraka bila kupumzika maana yake haina kodi. Ikipepesa mara 2, ikapumzika, mara 2 tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Mara 3 halafu 1 ni 31, map sensa. 41 ni sensa ya throto, 21 ni oxygen. Kuwa makini tu usikosee pini, maana humo humo kuna pini ya B+ yenye umeme wa betri. Yangu ikapepesa mfululizo, haina kodi hata moja.

Hapo mtu anaweza kusema basi sensa zote nzima. Hapana. Kontroo boksi za miaka ile zinawasha kodi ya sensa kama ya joto la maji au map pale waya umekatika au umepiga shoti, yaani inapopokea kitu ambacho hakiwezekani. Sensa ikidanganya kistaarabu, ikasema maji yana nyuzi 30 wakati yana 85, inaaminiwa tu.

Nikaja kwenye map sensa yenyewe. Ina waya tatu: VC inayoletewa volti 5, E2 ambayo ni earth, na PIM ambayo ndiyo inatoa jibu. Unachoma pini nyuma ya soketi bila kuichomoa, maltimita kwenye DC. VC ikasoma 5 safi. PIM, swichi ikiwa wazi na injini haijawashwa, ikasoma 3.1. Mzee fundi alikuwa amesogea kuangalia, ana picha ya ukurasa wa kitabu cha Toyota kwenye simu, kimeandika PIM iwe kati ya 3.3 na 3.9. "Umeona sasa? Si nilikwambia."

Kitabu hakijakosea, ila kile kipimo ni cha mtu aliyesimama karibu na usawa wa bahari. Arusha tuko mita kama 1,400 juu, hewa yetu ni nyepesi, presha yake ni kama kilopaskali 86 wakati Dar ni 101. Na kitabu hichohicho kinasema ukishusha presha kwa milimita 100 za zebaki, ambayo ni kama kilopaskali 13, volti zinashuka 0.3 hadi 0.5. Sasa piga hesabu, 3.6 ya katikati ukitoa nusu volti hivi unabaki na 3.1. Hiyo sensa ni nzima na inajua iko Arusha. Nikamwonyesha na sirinji, ile ya kawaida ya duka la dawa, nikaiunganisha kwenye kampira ka sensa, ukivuta volti zinashuka taratibu bila kurukaruka, ukishikilia zinasimama palepale. Ukishikilia halafu volti zinapanda zenyewe angalia kwanza sirinji na mpira kama havipitishi hewa, vikiwa vizima ndiyo uanze kuishuku sensa. Mzee akaichukua ile sirinji akavuta mwenyewe mara kadhaa, hakusema kitu.

Geji ya vakyumu, ile ya kupima mvuto wa hewa ndani ya manifodi, nayo ina ugonjwa huohuo wa vitabu. Wanaandika injini nzima isome inchi 17 mpaka 21 za zebaki, ila ni kwa usawa wa bahari, kila mita 300 ukipanda unapoteza karibu inchi 1. Huku kwetu 12 mpaka 16 ni afya njema kabisa, Mbeya ni chini zaidi. Sijui ni injini ngapi za Arusha zimefunguliwa ringi kwa kosa la mlima tu.

Basi nikahamia kutafuta hewa. Kipimo ninachokipenda hakina gharama: unachomoa mpira mkubwa unaotoka kwenye ngao, injini inaendelea kuunguruma kwa sababu haina sensa ya hewa huko, halafu unaziba mdomo wa throto kwa kiganja. Tahadhari usiwe umevaa kitambaa au kitu cha kuvutwa ndani. Injini nzima inazima palepale maana haina pa kupumulia. Yangu ilitetemeka, ikahangaika, ikakataa kufa. Nikajua inapumulia mahali baada ya throto, sasa wapi.

Nikachukua kabureta klina nikapuliza kidogokidogo kwenye maungio: gasketi ya manifodi, orings za nozeli, shina la throto, mpira wa busta ya breki kwa chini ambako huwa unapasuka bila kuonekana. Uzuri wa 5A-FE upande wa hewa uko nyuma karibu na ukuta na ekzosi iko mbele, lakini hiyo klina inawaka kama petroli, plagi waya ikiwa imechakaa na inaruka cheche utajuta, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Nilipuliza kila sehemu nikisikiliza mlio, mlio haukubadilika hata kidogo. Hakuna filimbi, hakuna mpira uliopasuka. Hapa ndipo wengi wanarudi kwenye sensa, maana klina imesema hakuna liki.

Ila klina inakamata hewa inayotoka nje tu. Kuna hewa nyingine inatoka ndani kwa ndani, inachukuliwa kwenye bomba la ngao, inapita kwenye valvu fulani, inaingia manifodi. Ukipuliza nje mpaka kopo liishe hutaipata. Dawa yake ni plaizi. Unazungushia kitambaa kwenye meno ya plaizi usikate mpira, unabana mpira mmoja mmoja huku unaangalia mshale. Nikabana wa busta, hakuna. Nikabana wa PCV (valvu ya kuvuta mvuke wa ndani ya injini), mshale ukashuka kidogo, hiyo ni kawaida yake kwa sababu PCV inapitisha hewa kidogo siku zote. Nikabana wa kanista (kopo la kunasa mvuke wa petroli), hakuna. Kisha kuna mipira miwili myembamba inateremka huko chini gizani, unaifuata na tochi mpaka unakuta imeingia kwenye pampu ya pawa steringi. Nilipoubana ule unaotoka manifodi, vuuu vuuu ikanyamaza! Nikaachia, ikaanza tena. Nikabana, kimya.

Kile kivalvu cha kwenye pampu kazi yake ni nzuri tu, ukikata usukani mpaka mwisho pampu inailemea injini, kivalvu kinafunguka kinaipa hewa kidogo isizime. Usukani ukiwa umenyooka kinatakiwa kiwe kimefunga kabisa. Kipimo chake ni rahisi: usukani umenyooka, bana mpira, mshale usibadilike. Kata usukani mpaka mwisho, bana, mshale ushuke, achia, upande. Changu kilikuwa wazi muda wote, na ukichomoa mpira ndani ulikuwa na umajimaji wa oili ya pawa steringi, maana yake kimechoka ndani kinavuta na oili. Ndiyo maana kuna gari zinatoa moshi mweupe watu wanasema silinda hedi.

Nilitafuta kivalvu yuzdi nikakosa kizima, nikaziba pande zote mbili, upande wa manifodi na upande wa bomba la ngao, kwa vifuniko vya mpira na klipu. Usizibe upande mmoja, huo mwingine utaingiza vumbi lisilochujwa. Ninachopoteza ni kwamba nikipaki nimekata usukani wote mshale unainama kidogo, naishi nao.

Asubuhi kwenye baridi kwa nini ilikuwa haichezi? Injini ikiwa ya baridi oili ni nzito, injini inajivuta, ile hewa ya ziada inaliwa na uzito huo. Ikishachemka inalainika, RPM inapita pale ambapo mafuta yanakatwa, mchezo unaanza.

Sasa sailensi imetulia lakini imetulia juu, kwenye 1,300, na plagi nilizosafisha zikarudi nyeusi. Yaani injini imechemka ila inajiendesha kama ya asubuhi. Hapo unaiwazia sensa ya joto la maji. Na usidanganywe na mshale wa joto wa dashibodi, ule una kisensa chake peke yake chenye waya mmoja, cha kontroo boksi kina waya mbili, mmoja unaweza kusema kweli mwenzake akiota.

Nikachomoa soketi, maltimita kwenye omu, injini ya moto: 0.3 kilo-omu. Kitabu kinasema kwenye nyuzi 80 iwe 0.2 hadi 0.4, na kwenye 20 iwe 2 hadi 3. Sensa nzima. Angenunua mpya shemeji angekuwa amerudi palepale. Nikarudisha soketi, nikachoma pini kwa nyuma nikapima volti, swichi wazi, injini ya moto bado: 1.9. Inatakiwa isizidi 1. Sensa inasema kilo-omu 0.3, kontroo boksi inasikia kama kilo-omu 1.6, katikati kuna kitu kimeongeza. Kuchungulia ndani ya soketi, pini moja ina kutu ya kijani, maji ya rejeta yalishawahi kudondokea hapo. Nilikata soketi, nikapata nyingine na vipande vyake vya waya kwa wauza spea za kubomoa, nikachomea na lehemu, nikaweka mpira wa kubana kwa moto. Nikachomoa fyuzi ya EFI kidogo kusafisha kumbukumbu. Kuwasha, ikachemka, volti zikasoma 0.5 na mshale ukashuka wenyewe ukakaa kwenye 800. Oxygen sensa nayo, ambayo ilikuwa imeng'ang'ania karibu volti 0.8, ikaanza kwenda na kurudi kati ya 0.1 na 0.9 kama inavyotakiwa. Kumbe muda wote ilikuwa inapiga kelele mafuta yamezidi.

Wikiendi iliyofuata nilishuka Moshi kwa kaka, na kwa kuwa maltimita ilikuwa kwenye gari nikafungua boneti nikapima tena PIM, swichi wazi, sensa ileile ya 1994. Ikasoma 3.3. Nikapiga picha nikamtumia mzee fundi, akajibu kwa sauti, "Sasa ukifika Tanga nitumie na ya huko."